Masta ya okestra za AI: limita ndiyo iguswe mwisho

FundiSikio (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Naona maswali yanajirudia kuhusu vipande vya okestra vinavyotoka Suno, Udio na jamaa zao, huduma za AI zinazotunga muziki. Melodi nzuri, mpangilio unaeleweka, lakini ukifungulia kwenye spika za maana unasikia sauti bapa, juu kuna bati linalia, na fidla zote zimegeuka ukungu mmoja. Hapo mtu anabandika limita (kifaa kinachozuia vilele ili sauti nzima ipandishwe), anasukuma mpaka mita inawaka nyekundu, halafu anaita masta, yaani matengenezo ya mwisho ya sauti kabla ya kutolewa.

Msimamo wangu nauweka mapema ili wa kupinga apinge. Kwenye okestra ya AI, kazi ya masta ni kuondoa uchafu kwanza, kisha kurudisha tofauti kati ya sauti ya pole na sauti ya nguvu. Ukubwa wa sauti ni jambo la dakika tano za mwisho, na mara nyingi hauhitajiki kiasi hicho mnachodhani.

Tuanze na faili. Huduma ikikupa WAV, faili lisilopunguzwa kama MP3, chukua WAV. Kugeuza MP3 kuwa WAV hakurudishi kilichokwisha kutupwa, kunaongeza uzito wa faili tu. Fungua spektrogramu (picha ya masafa ya sauti), hata ya Audacity inatosha, uangalie huko juu. Ukikuta kila kitu kimekatwa kwa mstari ulionyooka karibu na 16 kHz, ama sauti ilipitia MP3 ya kiwango cha chini, ama modeli yenyewe inatoa sampuli 32,000 kwa sekunde kama MusicGen ya Meta ya mwaka 2023. Sampuli 32,000 haziwezi kubeba masafa yanayozidi nusu ya idadi hiyo. Kwa hiyo anayekushauri uongeze "hewa" kwenye 18 kHz anakushauri ukuze kitu ambacho hakipo.

Na ubati unatoka wapi? Modeli nyingi za muziki ambazo maelezo yake yamechapishwa hazichori wimbi la sauti moja kwa moja. Zinafanya kazi juu ya sauti iliyobanwa sana na kodeki ya neva (programu ya AI ya kubana na kufumua sauti), mfano SoundStream ya Google (2021) au EnCodec ya Meta (2022), halafu kodeki inaifumua tena kuwa wimbi. Kodeki ya namna hiyo inalinda vizuri kinachotabirika: noti, mapigo, umbo la melodi. Inayoumia ni ile sauti ya vurugu vurugu isiyo na mpangilio, yaani msuguano wa upinde kwenye waya, mtawanyiko wa matoazi, pumzi ya mpiga filimbi, mkia wa mwangwi wa ukumbi. Sasa niambieni, ni muziki gani umejaa vitu hivyo kuliko okestra? Ngoma za kompyuta zinapita salama, okestra inachubuka.

Hatua yangu ya kwanza kabla ya plagini (programu ndogo ya kuchakata sauti) yoyote ni otomesheni ya sauti, yaani kuchora sauti ipande na kushuka wapi, kwa mkono. Tuseme kipande kinaanza na fidla pole pole, chelo zinaingia, honi zinajenga, kisha kilele chenye tromboni na timpani. Pima kwa mita ya LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia (Youlean ina toleo la bure), na utumie kile kipimo cha dirisha la sekunde 3. Mara nyingi utakuta utangulizi unasoma kama -20 na kilele -13. Desibeli saba tu! Ukumbini, umbali kati ya fidla zinazonong'ona na okestra nzima ikipiga kwa nguvu unaweza kuvuka desibeli 50. Rekodi huwa zinaupunguza umbali huo ili msikilizaji wa sebuleni asihangaike na kitufe, lakini si kwa kiwango hicho.

Basi shusha utangulizi desibeli 5 au 6, uache kilele kilipo. Katikati usichore mstari ulionyooka kama ngazi ya kuegemeza. Wapiga nyuzi hawapandi hivyo, wanapanda kwa sentensi: wanavimba kidogo, wanarudi nusu, wanavimba tena zaidi. Sikiliza melodi inavuta pumzi wapi na ushushe kidogo hapo. Kabla tu ya tromboni kuingia, acha nusu desibeli ya kurudi nyuma. Kilele kitasikika kikubwa zaidi bila kukiongeza chochote.

Kuna kitu watu wanakisahau hapa. Ala ikipigwa kwa nguvu haiongezeki ukubwa peke yake, inang'aa pia, kwa sababu harmoniki za juu zinajaa. Honi ikipulizwa pole ni ya giza, ikipulizwa kwa nguvu inapasuka kama shaba. AI mara nyingi inakupa utangulizi wenye mng'ao wa sauti ya nguvu. Ukiushusha bila kugusa rangi yake, sikio linasikia okestra kubwa iliyowekwa mbali, si okestra inayopiga taratibu. Kwa hiyo palepale unaposhusha sauti, shusha na rafu ya juu ya ikolaiza (masafa yote kuanzia 4 kHz kwenda juu), desibeli moja na nusu au mbili, na uirudishe taratibu kadiri muziki unavyopanda. Ikolaiza moja, otomesheni moja. Kwa uzoefu wangu hii peke yake inabadilisha kipande kuliko plagini za gharama.

Baada ya hapo ndipo nauendea ubati. Uko zaidi kati ya 5 na 10 kHz, na unajitokeza nyuzi zote zikipiga pamoja. Ikolaiza ya kawaida itakuondolea ubati na uhai kwa mpigo, maana inakata hata pale pasipo na tatizo. Tumia ikolaiza dainamiki, TDR Nova ya bure inafanya kazi hii, weka kizingiti mahali ambapo inaamka kwenye vilele tu, na isikate zaidi ya desibeli 3 au 4. Kisha fanya jaribio hili: sikiliza sehemu ya pembeni ya stirio peke yake, ukiwa umezima katikati. Kwenye rekodi halisi utasikia ukumbi. Kwenye okestra ya AI mara nyingi utasikia maji yanayotokota. Uchafu mwingi umejificha hapo, na habari njema ni kwamba unaweza kuukata pembeni tu bila kugusa melodi iliyoko katikati.

Chini: noti ya chini kabisa ya besi kubwa la nyuzi ni E ya 41 Hz, na yale yenye waya ulioongezwa urefu yanafika C ya karibu 33 Hz. Chini ya 25 Hz huna ala unayoilinda, kata kwa mteremko wa upole. Watu wa muziki wa dansi watakwambia ufanye kila kitu chini ya 120 Hz kiwe mono. Kwenye okestra usikimbilie, besi kwa kawaida hukaa upande wa kulia na sikio linategemea hilo. Fanya mono pale tu mita ya korelesheni (inayopima kama kushoto na kulia vinafutana) inapozama chini ya sifuri.

Mkia wa mwisho. Okestra ikinyamaza, ukumbi unaendelea. Musikverein ya Vienna, iliyofunguliwa mwaka 1870, ina mwangwi wa kama sekunde 2 ikiwa imejaa watu. AI inakata mkia huo ghafla au inauacha ukitetemeka na kupwaya. Fanya hivi: mara tu baada ya noti ya mwisho, fifisha sauti ya asili haraka, na wakati huohuo fungulia riverbu (mwangwi wa kuongezwa) ya konvolusheni iliyopimwa kwenye ukumbi halisi, iliyokatwa chini ya 200 Hz na juu ya 7 kHz. Weka kidogo pia kwenye vituo vya katikati ya kipande. Usimwage riverbu juu ya muziki wote, tayari una mwangwi bandia ndani na mwingine juu yake ni tope.

Sasa ndiyo limita. Kilele halisi -1 dBTP, yaani desibeli moja chini ya upeo wa kidijitali. Wastani wa kipande kizima mimi naishia kati ya -20 na -16 LUFS. Spotify wanalenga -14, Apple Music -16, utangazaji wa Ulaya chini ya EBU R128 ni -23. Ukipeleka wimbo wenye sauti kubwa kupita lengo wanaushusha wao, na vilele ulivyovisaga havirudi. Kompresa, kifaa kinachopunguza tofauti ya pole na nguvu? Kama ni lazima, uwiano wa 1.5 kwa 1, ataki (kasi yake ya kuanza kubana) ya polepole, isizidi kushusha desibeli 2. Kompresa ya bendi nyingi naiacha kabisa.

Karibuni.

Kinubi

Mkuu uzi umeshiba. Swali: kwa nini tusitenganishe ala kwanza kwa Demucs, programu ya AI ya kutenganisha sauti, tukasafisha kila moja, ndipo tukamiksi upya? Naona ingekuwa rahisi kuliko kuhangaika na faili moja.

FundiSikio

@Kinubi wazo zuri kwa wimbo wenye mwimbaji na bendi. Demucs ya kawaida inatoa mafungu manne: sauti ya mtu, ngoma, besi, na mengineyo. Imefunzwa kwa nyimbo zikiwemo za MUSDB18, mkusanyiko wa nyimbo 150 ambazo karibu zote ni za bendi. Ukiipa okestra, fidla, chelo, obo, honi, vyote vinaangukia "mengineyo", timpani inachanwa nusu ngoma nusu besi, na obo inayopiga peke yake wakati mwingine inahesabiwa kuwa mwimbaji. Ukijumlisha mafungu yote bila kuyagusa yanarudi karibu na mwanzo, lakini ukigusa moja tu unasikia mashimo. Naitumia kwa kazi moja: kushika matoazi na timpani zilizokwaruza nikazipunguza kidogo. Zaidi ya hapo hapana.

Kama huduma yako inatoa stemu (mafungu ya ala yaliyotenganishwa) zake yenyewe, zisikilize moja moja kabla ya kuzifurahia. Nyingine ni utenganishaji uleule umefanyiwa jikoni kwao.

MpigaChelo

Napiga chelo kwenye okestra, niongeze la upande wetu. Mnachokiita ukungu si suala la masafa tu. Fidla za kwanza 16 ni watu 16, kila mmoja ana vibrato (mtetemo wa noti) yake, anaanza noti kwa tofauti ndogo sana ya muda, na hakuna wawili walio kwenye lami (urefu wa noti, "pitch") moja kamili. Tofauti hizo ndizo zinazoleta ule utajiri. AI inatoa wastani wa watu 16, na wastani hauna upinde. Ikolaiza haiwezi kuleta upinde.

Tunachofanya sisi: tunarekodi fidla moja na chelo moja, halisi, zikipiga melodi ileile, tunazitandika chini ya AI kwa desibeli kama 10 hivi. Msikilizaji hazisikii kama solo. Anachosikia ni ile "kh" ya mwanzo wa noti, na ubongo wake unaikabidhi kwa kundi zima. Asiye na mpigaji atumie maktaba ya sampuli, VSCO 2 Community Edition ni ya bure, na BBC Symphony Orchestra Discover ya Spitfire nayo.

Mitego miwili. Lami: usidhani A ni 440 Hz. Pima kwanza noti ndefu kwenye kipande, maana AI inaweza kukaa juu au chini kidogo, na hata okestra nyingi za Ulaya zinapiga 442 au 443. Tuni sampuli zifuate kipande, usiburute kipande kizima kifuate sampuli. Wa pili ni tempo: haifuati kliki, inayumba. Gonga ramani ya tempo kwa mkono baa kwa baa, la sivyo ataki (mwanzo wa noti) yako itatangulia au kuchelewa na utajenga ukungu mwingine.

FundiSikio

@MpigaChelo hii ingefaa iwe kwenye posti ya kwanza. Naongeza tu kwamba tandiko lipitie riverbu ileile ya ukumbi uliyotumia kwenye mkia, lisikae mbele ya okestra kama mgeni.

Mbishi_Halisi

Nyie mnapoteza muda. Huduma za masta otomatiki zipo tangu LANDR mwaka 2014, unapakia, unapata. Na kama kipande kina kasoro unabonyeza kitengenezwe upya. Kwa nini mtu akeshe anachora otomesheni kwenye kitu ambacho mashine imekitoa kwa sekunde chache?

FundiSikio

@Mbishi_Halisi kwenye kutengeneza upya tuko pamoja, tena nakaza. Kuna kasoro ambazo masta haizigusi: obo inayogeuka klarineti katikati ya sentensi, kwaya inayoimba silabi zisizo lugha, noti ndefu ya honi inayoyumba lami. Ukisikia mojawapo, tupa, tengeneza tena. Hakuna sababu ya kusafisha maiti.

Kwenye masta otomatiki ndipo tunaachana. Zana hizo zinapima wastani wa rangi na ukubwa, kisha zinasogeza kipande kuelekea lengo. Hazijui kwamba baa nane za mwanzo zilipaswa kuwa za kunong'ona. Zikikuta utangulizi wa pole zinauona ni upungufu. Unaweza kuzitumia ukizipa wimbo wa mfano ulio wa okestra na ukachagua nguvu ya chini kabisa, lakini bado otomesheni uifanye mwenyewe kabla ya kupakia.

Mbishi_Halisi

Sawa, ila trela za filamu na magemu zinatakiwa zipige. Ukimpelekea mteja -18 atakurudishia.

FundiSikio

Kweli, na sibishi. Trela ni mchezo mwingine, pale -12 au -10 ni kawaida. Ila fanya matoleo mawili kutoka faili moja lililokwisha kusafishwa: la kusikilizwa na la trela. La trela usilipate kwa limita moja inayobeba mzigo wote. Punguza desibeli 1 au 2 kwa kukata vilele vya timpani pekee kwa otomesheni, nyingine kwa kompresa, limita imalizie. Na magemu usiyaweke kapu moja na trela. Humo muziki unakaa chini ya milio mingine siku nzima, watengenezaji wengi wanataka nafasi, si kelele.

Msikivu

Mimi nina hedfoni tu. Naweza kuamini ninachosikia?

Halafu zile zana za kurudisha masafa ya juu yaliyokatwa, AudioSR na nyinginezo, vipi?

FundiSikio

Hedfoni kwa ubati, mikia na pembeni ni bora hata kuliko spika, kila kitu kiko sikioni. Zinadanganya kwenye upana na besi. Upana wa hedfoni ni mkubwa kuliko halisi, kwa hiyo usiongeze upana ukiwa umezivaa. Sikiliza pia kwa sauti ya chini: tangu kazi ya Fletcher na Munson ya mwaka 1933 inajulikana kwamba sauti ikishuka, sikio linapoteza besi na ncha za juu kwanza. Ukiongeza besi usiku kwa sauti ya chini, asubuhi utakuta kipande kimevimba. Chagua kiwango kimoja cha kusikilizia na ukae nacho. Na ukilinganisha kabla na baada, sawazisha ukubwa kwanza. Desibeli moja ya ziada inatosha kukudanganya kwamba umeboresha.

AudioSR, ya mwaka 2023, inatoa faili la 48 kHz na kujaza juu kwa kukisia. Inakisia vizuri kwenye matoazi na pembetatu, maana hizo ni vurugu hata zikiwa halisi. Kwenye fidla mara nyingi inaleta mchanga. Nikiitumia, nachukua kilicho juu ya mpaka uliokatwa peke yake, nakichanganya chini sana, tena kwenye baa zenye matoazi tu. Wasikilizaji wengi watu wazima hawasikii juu ya 16 kHz kwa vyovyote. Nguvu zako ziweke kati ya 200 Hz na 8 kHz.

Kinubi

Nimejaribu kushusha utangulizi na rafu ya 4 kHz. Aisee, nyuzi zimerudi nyuma ya jukwaa kabisa. Sasa kimebaki kitu kimoja: mviringo wa timpani (mapigo ya haraka mfululizo, "roll") kabla ya kilele. Haisikiki mapigo, ni mvumo mmoja unaopanda kama injini.

MpigaChelo

Hiyo ni ataki imefutika. Mpigaji halisi anabadilisha mikono haraka, kila pigo lina ngozi na kichwa cha fimbo, na anapokaribia kilele anapiga kwa nguvu zaidi, haongezi kasi sana.

FundiSikio

@Kinubi kifaa cha kukuza ataki hakitakusaidia, kinahitaji ataki iwepo ndipo kiikuze. Fanya hivi. Tafuta noti ya mviringo, timpani nyingi zinaangukia kati ya 70 na 175 Hz hivi, na ukate hapo desibeli 3 kwa ikolaiza dainamiki kuanzia mviringo unapoanza hadi baa moja kabla ya kilele. Chukua sampuli ya mviringo halisi wa noti ileile kutoka VSCO, kata kila kitu chini ya 300 Hz ubakize ngozi na fimbo tu, uitandike juu ya ule mvumo. AI inabeba uzito wa chini, sampuli inabeba mapigo. Otomesheni ya sampuli ianze desibeli 20 chini ya AI na ifike 8 chini yake kwenye pigo la mwisho. Pigo la mwisho lenyewe lisogeze kwa jicho, mbele au nyuma milisekunde chache, mpaka lianguke pamoja na tromboni. Ukitoa 16 bit weka ditha (kelele ndogo ya kuficha kasoro za kupunguza biti), ukibaki 24 bit iache.

Kinubi

Noti yangu inasoma 98 Hz. G. Naanza hapo.